Bakuli la Dufie

Mdogo wangu Boadu alikuwa mlaji. Simsemi vibaya, marehemu mama ndiye aliyemlea hivyo. Donge la fufu, ugali wetu wa mihogo na ndizi zilizotwangwa, la kuwatosha wavuna kakao wawili alilimaliza peke yake, akapangusa bakuli kwa kidole, halafu akauliza kama supu imebaki. Na supu yenyewe ilikuwa ya Dufie, mkewe. Mimi sijawahi kuelewana na Dufie hata siku moja, lakini supu yake ya mawese nitaisifu mbele ya yeyote.

Dufie hakukaa kwetu. Alikaa kwa mama yake, ng'ambo ya kanisa, na Boadu alikaa nyumba ya ukoo wetu pamoja nami. Kila jioni Dufie alitwanga, akapika, akajitwika bakuli lililofunikwa kitambaa, akavuka barabara kubwa ya Adwumakrom mji mzima ukimwona. Asubuhi alikuja kulichukua bakuli lake. Miaka ishirini na miwili bakuli lile lilikwenda limejaa na kurudi tupu, na Dufie alikuwa akilifunua palepale mlangoni, anachungulia, anacheka peke yake. Nilikuwa nikimwona. Nilidhani ni ushamba.

Mwezi wa pili Boadu alienda Kumasi kwa sababu ya kiu isiyokwisha na macho kuona ukungu. Akarudi na kisukari. Daktari alimwandikia sindano ile yenye umbo la kalamu, moja kwa wiki. Mimi ni nesi mstaafu, kwa hiyo dawa ilikaa kwenye friji langu nyuma ya nyanya, na kila Ijumaa asubuhi nilimchoma tumboni.

Tangu yale yatokee nimeulizwa mara nyingi ni dawa gani ile, basi nieleze mara moja yaishe. Mtu akila, utumbo wake hutoa homoni. Kazi yake moja ni kushughulikia sukari, na nyingine ni kupeleka habari ubongoni kwamba imetosha, ondoa mkono. Ubongo nao hutengeneza ya kwake ya aina hiyohiyo. Ya mwilini hukaa dakika chache ikaisha. Dawa ya Boadu inaiga homoni hiyo, ila yenyewe hukaa wiki nzima. Mtu anaambiwa umeshiba Jumapili, umeshiba Jumatatu, umeshiba Jumanne, na hajala kitu. Haumwi. Chakula anakiona kimewekwa mbele yake, anakitazama kama anavyotazama kiberiti.

Hilo daktari hakumwambia Boadu. Mimi nilijua, nikasahau kumwambia. Akili yetu wakati ule ilikuwa kwenye kigoda cha uchifu.

Chifu wetu alikuwa amefariki mwezi wa kwanza, na mama malkia, Nana Birago, ndiye wa kumtaja mrithi. Waliobaki kwenye hesabu walikuwa wawili: Boadu, na binamu yetu Asiedu, mtoto wa mama mdogo, mtu anayetabasamu kabla hujamwambia kitu. Kigoda chetu hakikaliwi na mtu mwenye ila mwilini. Hata kidole kilichokatika kinakutoa. Kama kisukari ni ila au si ila, hakuna aliyewahi kuuliza, na Boadu hakutaka kuwa wa kwanza kujibiwa.

"Dada, asijue mtu," aliniambia siku ile ya kwanza, shati lingali limepandishwa.

"Hata Dufie?"

"Dufie ana mama."

Hapo sikubisha. Mama yake Dufie, Bibi Ataa, mdomo wake hauna breki. Na niseme kabisa, mimi nami nilikuwa na changu. Kwetu anayemrithi mjomba ni mpwa, na mpwa mwenyewe ni Agyei, mwanangu, mhasibu kule Takoradi. Kwa hiyo nilinyamaza kwa moyo mweupe.

Wiki ya tatu Boadu alianza kubakiza. Kwanza nusu ya fufu. Halafu akawa anameza tonge tatu, anasukuma bakuli.

"Kula, bwana," nikamwambia. "Utarudisha hivi?"

"Haipiti, dada. Si kwamba ni mbaya. Haipiti tu."

"Basi mwambie mkeo apunguze."

"Nikimwambia apunguze ataniuliza kwa nini." Akaangalia mlangoni, kisha bakulini. "Nisaidie."

Nikamsaidia. Mke wa Kiasante bakuli lake likirudi na chakula haulizi kama umeumwa. Anauliza umekula kwa nani. Kila mmoja mjini petu anaujua mtindo huo; ndivyo wanaume wetu wanavyosema ndoa imewachosha bila kufungua kinywa. Kwa hiyo kila jioni, Boadu akishasukuma bakuli, nililichukua uani nikawamwagia kondoo wa jirani. Nyama nilikula mwenyewe, sisemi uongo. Kisha nikaliosha bakuli likang'aa.

Kuliosha ndiko kulikotuharibia. Miaka ishirini na miwili Boadu hakuwahi kuosha bakuli. Alilipangusa kwa kidole tu, mistari ya supu ikabaki. Dufie alilifunua mlangoni, akanusa sabuni, na hakucheka. Siku ya tatu Bibi Ataa alipita nyuma ya nyumba yetu, ati anatafuta majani ya kufunikia samaki, akawakuta kondoo wana mafuta ya mawese puani.

Dufie alikuja mchana, hajabeba kitu. Boadu alikuwa amekaa barazani na redio.

"Ni nani?" Dufie akauliza.

"Nani nini?"

"Usinifanye mtoto, Boadu. Fufu yangu inaliwa na kondoo. Wewe hujakonda kwa njaa, umekonda kwa raha. Nani anakupikia?"

"Hakuna anayenipikia."

"Basi unakula nini? Hewa?"

Kwa kweli alikuwa amekonda, tena alikuwa amependeza, shingo imejitokeza, anatembea wima. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu akipendeza ghafla, mke yeyote atafanya hesabu ile ile. Boadu alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nachambua mchicha, nikauchambua zaidi.

"Nina mawazo," Boadu akasema. "Mambo ya kigoda."

"Mawazo gani yanayokufanya umwage chakula changu kwa siri? Ungekirudisha! Ungesema, mke wangu leo sijisikii! Mtu anaficha kitu akiwa na cha kuficha." Akaizima redio. "Ni yule mwalimu wa chekechea anayekusalimia kila asubuhi?"

"Mwalimu gani? Dufie, hebu keti."

"Sikai. Wifi, wewe unakaa humu. Nani anakuja humu?"

"Mimi sioni mtu," nikasema. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana niliisema vizuri.

Yaliendelea hivyo miezi mitatu. Dufie hakuacha kuleta chakula. Alikileta kwa ukali, kingi zaidi, akakaa hapo hapo kumtazama Boadu akimeza tonge mbili na kushika tumbo. Kila tonge alilokataa, mwalimu wa chekechea alizidi kunenepa kichwani mwa Dufie. Alikwenda mpaka shuleni akamtukana yule binti wa watu mbele ya watoto. Mji ukapata cha kuzungumza. Asiedu aliniuliza sokoni, kwa tabasamu lake, eti ni kweli mdogo wangu ana nyumba mbili.

Nilimwambia Boadu amweleze mkewe. Nilimwambia mara moja, na sikusukuma. Akasema bado wiki mbili tu Nana Birago atoe jina, akishakalia kigoda atamweleza kila kitu. Nikaona ni sawa.

Dufie hakungoja wiki mbili. Alimpelekea Nana Birago chupa ya jini, ile pombe kali ya kufungulia shauri, akaomba aachwe. Lakini kwanza, akasema, anataka mumewe aulizwe mbele ya wazee, maana yeye mke hakuzini, hakuiba, hakumnyima mumewe kitu, na anaachwa kidogo kidogo kama mtu asiyejua kupika.

Shauri likawekwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa yake ndiyo ilikuwa zamu ya kupandisha kipimo cha dawa, kutoka kidogo kwenda kikubwa. Ningeweza kuahirisha. Nilimchoma kama ilivyoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kazi miaka thelathini na moja.

Ua wa Nana Birago ulijaa. Wazee saba viti vya mbele, Asiedu akiwa wa tatu, Nana katikati, mwanamke wa miaka themanini mwenye macho ya kuku, na msemaji wake amesimama pembeni na fimbo. Boadu alivaa kitambaa chake cha kujitanda, bega moja nje. Dufie alikuja na bakuli kichwani. Hakuna aliyetegemea hilo, hata mama yake.

Aliulizwa shida yake, akasema kwa kifupi. Msemaji akamgeukia Boadu. Boadu akasema hana mwanamke mwingine, hajawahi kuwa naye, na anaapa kwa kigoda.

"Sitaki kiapo," Dufie akasema. "Nana, naomba nafasi. Nimepika alfajiri ya leo, kwa mikono yangu. Mwanamume ambaye hajala kwingine ana njaa. Ale hapa, mbele yenu, kama alivyokuwa anakula. Akimaliza, nitapiga magoti nimwombe radhi yeye na yule mwalimu. Asipomaliza, nipeni talaka yangu niende."

Watu wakaguna. Asiedu akasema, "Ombi la haki kabisa." Nana Birago akafikiri, akatikisa kichwa kukubali.

Maji ya kunawa yakaletwa. Nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, hatua kumi kutoka kwake, na niliuona uso wa Boadu alipofunua kitambaa. Fufu kubwa, laini, supu ya mawese na mguu wa mbuzi na uyoga. Alikuwa amepika ya sikukuu. Boadu alimtazama mkewe, na nadhani hapo alitaka kusema. Halafu akamtazama Asiedu. Akanawa.

Alikula. Fufu haitafunwi, inamezwa, na alimeza tonge baada ya tonge bila kupumzika, jasho likimtiririka kifuani. Wazee walianza kucheka, mmoja akasema, "Huyu hana kasoro!" Dufie hakucheka. Alikuwa ameshika pindo la khanga yake, na mimi, ambaye sijawahi kumpenda, niliona kwamba anamwomba Mungu Boadu amalize. Alikuwa anataka ashindwe yeye.

Boadu alimaliza. Akapangusa bakuli kwa kidole. Watu wakapiga makofi, Dufie akaanza kupiga magoti, na goti lake la kwanza halijagusa chini Boadu akainama mbele na kutapika vyote. Alitapika miguuni pa mama malkia. Akatapika tena na tena, mpaka hakukuwa na cha kutoka, akaanguka kwenye mkono wake mmoja akiwa amekuwa rangi ya majivu.

Halafu Asiedu akasimama.

"Wazee, mmeona kwa macho yenu," alisema polepole. "Tulikuwa tunajiuliza kwa nini mtu anakataa chakula cha mkewe. Pengine mwili wake ulikuwa unajua. Amekuwa akikonda miezi minne. Leo kalazimishwa kula mbele yetu, na tazameni. Mwanamke huyu anampa nini?"

Neno sumu hakulitaja. Lilitajwa nyuma, na mwanamke mmoja, kisha watatu. Mtu akamshika Dufie mkono. Bibi Ataa akapiga yowe. Nijuavyo mimi, mwaka niliomzaa Agyei kuna mke alisemwa hivyo hapa kwetu; hakuna kilichothibitishwa, ila alisukumwa mpaka nje ya mji na vyungu vyake vikavunjwa nyuma yake, na alifia kwenye kibanda cha shambani kwa watu asiowajua.

Dufie alijinasua. Hakulia, hakujitetea. Aliliendea bakuli, mabaki ya supu bado yamo chini, akalinyanyua kwa mikono miwili akanywa. Alikunywa yote. Akageuza bakuli wazee walione.

"Basi na nife," akasema.

"Inaweza kuwa sumu ya polepole," Asiedu akasema. "Au amekwisha kunywa dawa yake kabla."

Nana Birago aliinua mkono watu wakanyamaza. Akanitazama mimi.

"Pokuaa. Wewe ni nesi, na unakaa naye nyumba moja. Kuna ugonjwa unaoweza kumfanya mtu hivi? Asile miezi minne, akilazimishwa atapike?"

Niseme nilichofikiri, kwa sababu nimekuwa nikiwasema wengine. Nilifikiri wiki moja imebaki. Nilimfikiria Agyei. Nilifikiri Dufie ni mtu mwenye ndugu, wataenda naye nyumbani, watu wataongea wiki mbili wataacha. Kile kibanda cha shambani nilikikumbuka, nikakiondoa kichwani. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuvuta pumzi.

"Nana, hakuna ninaoujua," nikasema.

Dufie alinigeukia. Sikumtazama.

"Anadanganya," Boadu akasema.

Alisema akiwa bado kapiga goti, mate yananing'inia mdomoni. Akajiinua. Akashusha kitambaa chake mpaka kiunoni mbele ya mama malkia, jambo ambalo halifanywi, akaonyesha tumbo. Alama za sindano zilikuwa pale upande wa kushoto na wa kulia, nilizozipanga mwenyewe kwa zamu, nyingine zimeanza kufifia, ya jana bado ina doa la bluu.

"Dada yangu anadanganya kwa ajili yangu. Nina kisukari, Nana. Ananichoma dawa kila Ijumaa, na dawa ndiyo iliyonitoa njaa. Chakula cha mke wangu hakina neno. Sina mwanamke. Nilificha kwa sababu nilikitaka kigoda." Akapumua. "Mwachieni mkono."

Maana walikuwa wamemshika tena.

Asiedu aliketi. Hakutabasamu, sharti nimpe haki yake. Nana Birago alimtazama Asiedu, akasema kwamba jina la mrithi amekwisha kulipata, na shauri la mke na mume limalizwe na wenyewe. Mimi nilitozwa chupa mbili za jini na kumwomba radhi Dufie nyumbani kwao, kwa kuwa nilidanganya mbele ya wazee.

Ua ulipobaki na watu wachache, Boadu alimfuata Dufie alipokuwa anafuta bakuli.

"Nisamehe," akamwambia.

"Miezi minne," Dufie akasema. "Miezi minne naoga, najitazama, najiuliza kimeniharibika nini. Nimemtukana mtoto wa watu. Nimebadilisha samaki, nimebadilisha pilipili, nimemwendea mchungaji. Kumbe ni sindano." Akalikunja kitambaa cha bakuli. "Ungeniambia ningekupikia tonge tatu, Boadu. Tonge tatu! Nani alikuambia mimi nataka mtu anayemaliza?"

Boadu alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike mama. Dufie alimwangalia, akamfutia mdomo kwa ncha ya khanga, akaondoka na mama yake. Wiki tatu hakuleta chakula. Ya nne alianza kuja na kibakuli kidogo, anakaa mpaka Boadu amalize tonge zake, wanaongea kwa sauti ya chini, nikitoka barazani wananyamaza. Sindano sasa anamchoma yeye. Alikwenda mwenyewe Kumasi kufundishwa, na dawa aliitoa kwenye friji langu bila kuniomba.

Zile chupa mbili nilizipeleka Jumanne iliyofuata baada ya shauri. Bibi Ataa alinikaribisha kama inavyotakiwa, akanipa kiti, akaniletea maji kwenye glasi, maana kwetu mgeni akipewa maji amepokewa, akaniuliza habari za nitokako. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa Dufie. Dufie alikuwa amekaa mbele yangu anamenya mihogo. Alizipokea chupa, akampa mama yake, akanishukuru kwa heshima zote.

"Wifi, nikuulize kitu kimoja tu," akasema.

"Uliza."

"Nana alipokuuliza, walikuwa wamenishika mkono. Ulikuwa unajua watanifanya nini?"

Ningeweza kusema sikufikiri. Ningeweza kusema nilichanganyikiwa, watu wangeniamini, na pengine naye angeniamini.

"Nilijua," nikasema.

Dufie aliweka kisu chini. Akainuka, akaichukua glasi mkononi mwangu, nilikuwa nimekunywa nusu tu, akaenda nayo mpaka mlangoni akayamwaga nje maji yaliyobaki. Halafu akarudi kwenye kiti chake akaendelea kumenya. Nilikaa kidogo, kisha nikaaga.